Hadithi fupi yako haijakaa sawa? Ipangue kwanza, sentensi utazipiga msasa baadaye

Watu wengi wakisema "naediti hadithi yangu" wanamaanisha wanabadilisha maneno, wanafuta "sana" na "kabisa", wanarekebisha mkato na nukta, wanatafuta neno tamu zaidi ya "alilia". Ni kazi nzuri na ina wakati wake, ila ukiianza mapema inakudanganya, maana hadithi inazidi kupendeza sentensi kwa sentensi na bado ukimpa mtu aisome anakurudishia "nzuri, hongera" halafu basi, hana swali, hana hasira na mtu yeyote mle ndani, kesho yake hakumbuki hata jina la mhusika. Mara nyingi shida haipo kwenye sentensi. Ipo kwenye mpangilio, yaani msomaji anajua nini na anakijua lini. Hapo ndo muundo ulipo, na nataka tuupangue kwa kutumia hadithi moja ya mfano mwanzo mpaka mwisho, manake ushauri wa juujuu wa uandishi haumsaidii mtu.

Hadithi ya mfano iko hivi. Zuhura ni fundi cherehani, ana kibanda chake Manzese. Mume wake ni mfanyabiashara wa kusafiri, anakaa Tunduma wiki mbili tatu ndo anarudi. Siku moja anakuja dada mmoja mgeni anataka ashonewe gauni la harusi, anapimwa, wanazoeana, na mwishoni Zuhura anagundua bwana harusi ni mume wake yeye. Drafti ya kwanza ina maneno 3,400 na imekaa hivi:

utoto wa Zuhura Korogwe, shangazi yake anamfundisha kushona (600)
anakuja Dar, anakutana na mume, wanaoana (500)
maisha ya ndoa, safari za Tunduma, mtoto hapatikani (550)
mteja anakuja, anapimwa (350)
mteja anarudi kujaribu gauni (300)
mteja anamuonyesha picha ya mchumba kwenye simu (150)
ugomvi na mume (450)
Zuhura amerudi Korogwe, amekaa barazani kwa shangazi, anawaza (500)

Hii orodha ndo kitu cha kwanza unachotakiwa kutengeneza kwa hadithi yako mwenyewe. Usiguse drafti, seva kopi pembeni ili uwe na amani, halafu chukua karatasi ukate vipande, kila kipande tukio moja, mstari mmoja wa kinachotokea na idadi ya maneno. Unaweza kufanya kwenye simu pia lakini mi naona karatasi ni bora kwa sababu unazitandaza chini kwenye mkeka unazihamisha kwa mkono na unaona kitu kizima kwa mara moja. Chini ya kila tukio jibu swali moja tu, nini kimebadilika hapa? Baada ya tukio hili kuna mtu anajua kitu ambacho alikuwa hakijui, au ameamua kitu, au amepoteza kitu, au hawezi tena kurudi alipokuwa? Kama hakuna, hilo sio tukio, hayo ni maelezo ya nyuma yamevaa nguo za tukio.

Ukifanya hivyo kwa Zuhura unaona kitu cha kutisha kidogo. Mteja anaingia baada ya maneno 1,650, karibu nusu ya hadithi imeshapita, na kabla yake hakuna kilichobadilika hata kidogo, tumeambiwa tu mtu ametoka wapi. Halafu ile picha ya kwenye simu, ambayo ndo moyo wa kisa chote, imepewa maneno 150, wakati kukaa barazani na kuwaza kumepewa 500. Mwandishi hajakosa kipaji, sentensi zake zinaweza kuwa nzuri tu, ila amesimulia kwa utaratibu aliokuja nao akilini, na utaratibu huo wengi wetu tumeuchota sehemu zilezile: ngano za bibi zinazoanza na kuzaliwa kwa mtu, insha za shule za mwanzo, kati na mwisho na methali ya kufungia, na simulizi za mitandaoni zenye "itaendelea" kila zinapokatika. Zote zina utamu wake. Ila ngano ina msimulizi aliyekaa mbele yako anayeweza kukuona umechoka akaruka mbele, na simulizi ya vipande ina wiki nyingi za kujenga mambo, hadithi fupi haina hivyo vyote, ina kikao kimoja tu na msomaji na anaweza kuondoka muda wowote.

Hatua inayofuata ndo ngumu kuliko zote, ipe muda. Jiulize hadithi inamfanya msomaji asubiri nini. Drafti ya Zuhura inamfanya asubiri jibu la "bwana harusi ni nani?", na tatizo ni kwamba msomaji wa Kiswahili aliyekulia kwenye filamu na tamthilia za mambo haya atajua jibu mteja akitaja tu neno Tunduma. Kuna swali lingine zito zaidi limelala chini ya hilo: Zuhura atalifanyia nini lile gauni? Hilo ni swali zuri kwa sababu jibu liko mikononi mwake mwenyewe, anaweza kulikata vibaya, anaweza kulichelewesha, anaweza kulishona likawa gauni zuri kuliko yote aliyowahi kushona, na kila moja ya hayo inatuambia ni mtu gani. Kwenye hadithi yako tafuta swali la namna hiyo, ambalo mhusika mkuu ndo anaweza kulijibu kwa kutenda, sio linalojibiwa na picha kwenye simu au barua au jirani aliyesikia mlangoni.

Ukishalipata sasa cheza na nani anajua. Tuchukue hiihii. Njia ya kwanza, msomaji na Zuhura wanajua pamoja karibu na mwisho, ndo drafti ilivyo, unapata mshtuko wa sekunde chache na unalipa kwa kurasa nyingi zisizo na joto. Njia ya pili, msomaji anajua kabla ya Zuhura, labda mteja anasimulia mchumba wake ana kovu juu ya nyusi na sisi tumeshaliona kovu hilo asubuhi mezani, sasa kila Zuhura akimchekea mteja msomaji anaumia, hiyo ndo taharuki yenyewe. Njia ya tatu, Zuhura anajua tangu mwanzo na mteja ndo hajui. Kuna ya nne, mteja ndo anayejua na amekuja makusudi kumwangalia mke mwenzie, hii nayo ina nguvu ila itakulazimu uhamishe hadithi kichwani mwa mteja.

Mi ningechagua ya tatu bila kufikiria mara mbili. Angalia mwanzo unavyokuwa:

"Kiuno ishirini na nane. Zuhura aliandika, akateremsha futi hadi kwenye nyonga. 'Harusi lini vile?' aliuliza, japo tarehe alikuwa nayo tangu juzi usiku, aliisoma kwenye simu ya mume wake."

Mistari mitatu tu na msomaji ana fundi, ana mteja, ana mume, ana siri, ana tarehe inayokuja, na mikono ya mwanamke mmoja imemzunguka mwenzie kiunoni. Maneno 1,650 yalikuwa hayajatupa hata nusu ya hivyo.

Pia angalia sadfa ilivyotulia. Kwenye drafti ya kwanza, mteja kumwangukia fundi huyuhuyu katika Dar es Salaam nzima ni bahati mbaya inayokuja mwishoni kutatua kisa, na msomaji anahisi kadanganywa. Ukiiweka mwanzoni inakuwa ndo hali tunayoanza nayo, kila hadithi inaruhusiwa kuanza na jambo la ajabu moja, watu wanalipokea kwa moyo mweupe. Ukiona kwenye hadithi yako kuna sadfa inayookoa jahazi karibu na mwisho, usihangaike kuielezea iaminike, jaribu kuihamisha mwanzo uone.

Shuleni tulifundishwa muundo wa moja kwa moja ambao wengine wanauita msago, wa rejea ambapo simulizi inarudi nyuma kwa yaliyopita, na wa rukia ambapo visa viwili vinapishana mpaka vikutane. Ni vizuri kuzijua hizo ila usianze kwa kusema "ngoja niweke rukia hadithi ionekane ya kisasa". Anza na nani anajua nini, muundo utajichagua wenyewe. Zuhura wetu sasa anaenda msago kabisa, siku kwa siku, na rejea fupi mbili tatu tu, na ni hadithi yenye mvuto kuliko kama ungerukaruka na miaka. Hata ile piramidi ya kupanda mpaka kilele halafu kushuka, watu wanaishika kama sheria, wakati Mjerumani Gustav Freytag aliyeichora mwaka 1863 alikuwa anazungumzia tamthilia za tanzia zenye sehemu tano. Hadithi fupi nyingi hazina nafasi ya mteremko wote ule, zinakatika kileleni au hatua moja baada ya hapo.

Kama umekwama kwenye kupanga, weka karatasi chini umsimulie mtu kwa mdomo, mtu ambaye hajaisoma, dakika tatu nne hivi, usimsomee. Utajisikia mwenyewe unasema "ah subiri, nilisahau kukwambia, huyu dada na mumewe walikuwa hawajapata mtoto". Palepale uliposema subiri ndo mahali msomaji anapohitaji hiyo habari, sio aya tatu za mwanzo, sio ukurasa wa kwanza. Na mwangalie usoni, pale anapouliza "enhe, ikawaje?" na pale anapochungulia simu, vyote viwili viandike.

Sasa yale maneno 1,650 ya utoto na ndoa tunayapeleka wapi? Watu wanaumia sana hapa, maana mara nyingi humo ndo kuna sentensi walizozipenda. Usizitupe, ziweke kwenye faili la pembeni, halafu pitia ukichukua kile tu kinachobeba uzito kwenye uamuzi wa mhusika. Kutoka Korogwe mi ningechukua kitu kimoja: shangazi alimfundisha kwamba gauni la harusi unaacha inchi mbili za akiba kwenye mshono, kwa sababu mwili wa bibi harusi haukai kipimo kimoja. Kutoka kwenye ndoa ningechukua kwamba mtoto hapatikani. Vingine vyote, alivyokutana na mume, chumba chao cha kwanza, vibaki faili la pembeni.

Halafu tazama vitu hivyo viwili vinavyokutana siku ya kujaribu gauni. Zipu haipandi. Zuhura anapima tena, kiuno thelathini. Wiki tatu zimepita, uso wa mteja haujanenepa, mikono haijanenepa. Msomaji hajaambiwa neno mimba mahali popote lakini anajua, na anajua Zuhura naye amejua, na anajua pia kwamba ndani ya mshono kuna zile inchi mbili za shangazi ambazo Zuhura anaweza kuzifungua au kusema hakuna kitambaa. Hapo maelezo ya nyuma yameingia kazini. Yalipokuwa aya ndefu za mwanzo yalikuwa habari tu, yalipoingia kwenye mshono yakawa uamuzi.

Kitu kingine kilichotusaidia ni kwamba kazi ya kushona ina mpangilio wake tayari: kupima, kukata, kujaribu, kumalizia, mteja kuja kuchukua. Huo ni uti wa mgongo wa bure, una muda ndani yake na kila hatua ni ngumu kurudisha nyuma, mkasi ukishapita umepita. Tafuta uti wa namna hiyo kwenye kisa chako. Safari ya basi ya usiku ina vituo vyake, msiba una siku zake za matanga, foleni ya hospitali ina namba, zamu ya mlinzi ina saa ya kuingia na ya kutoka, posa ina barua na majibu na mahari. Ukipata uti hutahitaji "baada ya siku kadhaa" na "miezi ikapita" kila mahali, msomaji anajua tulipo kwa kuona kazi imefika wapi.

Mwisho sasa. Kuna mfano halisi ambao kila anayeandika hadithi fupi anafaidika kuujua. Raymond Carver, mwandishi wa Marekani, ana kisa cha mama anayeagiza keki ya siku ya kuzaliwa ya mwanae, siku ilipofika mtoto anagongwa na gari, analala hospitali haamki, na huku muoka keki anapiga simu nyumbani kuulizia keki iliyomdodea, bila kujua yaliyotokea. Kwenye toleo la 1981 linaloitwa The Bath, ambalo mhariri wake Gordon Lish alilikata sana, hadithi inakatika simu inapolia na mama anapokea, mtoto bado hajaamka, na sisi hatujui. Kwenye kitabu chake cha mwaka 1983 Carver akakitoa tena kisa hicho kwa urefu kwa jina A Small, Good Thing, humo mtoto anakufa, wazazi wanamfuata muoka keki usiku kwa hasira, naye anawaomba msamaha, anawapa mikate ya moto, wanakaa wanakula na kuongea mpaka kunakucha. Tukio la kuanzia ni lilelile, watu walewale, keki ileile, lakini hadithi moja inahusu hofu na nyingine inahusu watu kufarijiana, na tofauti kubwa imeletwa na mahali pa kusimama. Kwa hiyo ukichagua mwisho unachagua hadithi inahusu nini, usiuachie uje wenyewe kwa uchovu wa usiku ule uliomaliza drafti.

Kwa Zuhura, ule ugomvi na mume ningeuondoa wote. Najua wengi watapinga, watasema msomaji anataka kuona mwanaume anaadhirika. Ni kweli anataka, na akipewa presha yote inatoka na hakuna kilichobaki, tena maneno yao yatakuwa yaleyale tuliyoyasikia kila ugomvi wa namna hii. Badala yake weka usiku mmoja mume karudi, wanakula wali na maharage, anauliza una kazi gani siku hizi, anajibu nashona gauni la harusi. Basi. Mume ama anajua ama hajui, na msomaji anakaa hapo na moto mkononi. Kukaa barazani na kuwaza nako kuondoke, kwa sababu mhusika anapowaza mwishoni mara nyingi ni mwandishi anatufafanulia alichoshaonyesha. Methali ya kufungia nayo hivyohivyo. Jaribu hili kwa hadithi yako leo: funika tukio la mwisho kwa karatasi, usome lililobaki. Hadithi ikisimama, acha limefunikwa.

Orodha mpya ikawa hivi: kupima, 700. Chakula cha usiku na mume, 500. Kukata kitambaa, 300. Kujaribu gauni, 900. Usiku wa kumalizia, 400. Siku ya kuchukua, 400. Jumla 3,200, karibu sawa na mwanzo ila uzito umehama wote. Kujaribu gauni kumetoka 300 mpaka 900 kwa sababu pale ndo mambo yanapogeuka, na kanuni yangu ni kwamba pale unapoogopa kuandika ndo panapotaka maneno mengi zaidi. Urefu wenyewe uangalie unapeleka wapi, kwa mfano tuzo ya hadithi fupi ya Commonwealth inapokea Kiswahili na inataka kati ya maneno 2,000 na 5,000, kwa ukubwa huo matukio matano sita yanatosha kabisa, ukiwa na kumi na mbili jua kuna mengine yanafanya kazi moja, yaunganishe.

Ukifika kuandika upya, andika upya kweli. Usikate na kubandika aya za zamani kwenye mpangilio mpya, maana Kiswahili chetu kinashikana sana kutoka sentensi hadi sentensi. Angalia -ka-: "alifungua mlango, akaingia, akakaa", zile mbili za mwisho zimeegemea ile ya kwanza, ukihamisha aya inayoanza na "akakaa" inabaki inaning'inia bila mwenyewe. Angalia "yule", "ile", "huyo", kama ulisema "yule mteja" na sasa ndo mara ya kwanza anatajwa, mtambulishe kwanza. Angalia "jana", "kesho yake", "tangu siku ile", zote zimeshapoteza siku zake. Kwenye rejea fungua na "alikuwa ameshamfundisha" mara moja tu halafu endelea na -li- ya kawaida, usibebe "alikuwa ame-" sentensi kumi mfululizo inachosha, na ukitaka kurudi sasa hivi rudi kwa kitu cha mkononi, futi, chaki, mkasi, msomaji atajua karudi kibandani.

Ukimaliza tengeneza tena orodha ya karatasi kutoka kwenye drafti mpya, sio kutoka kwenye mpango uliokuwa nao, kwa sababu ukiandika lazima kuna tukio litakuwa limejiongeza au limevimba. Jibu tena swali la nini kimebadilika kwa kila kipande. Halafu mpe msomaji mmoja ambaye hakuisikia ile ya mdomo, usimuulize kama ni nzuri, muulize ni wapi alianza kumhofia Zuhura na ni wapi alidhani anajua kitakachofuata. Akikutajia sehemu mbili hizo na zikawa karibu na ulipokusudia, sasa fungua faili anza kuhangaika na "sana" na "kabisa".